Makapi ya Mtani

Watu wa mtaani kwetu husema mimi Mwamvua nina roho ya visasi, nami sijawahi kuwabishia. Mtu akinikanyaga kidole kwa bahati mbaya nitamwambia pole na wewe. Akinikanyaga kwa makusudi, aombe Mungu nisahau, na mimi kusahau sijui. Makoye alinikanyaga kwa makusudi, tena mbele ya watu, tena akicheka. Ndiyo sababu ya haya ninayoyaeleza.

Baba yangu, mzee Akida, alikuwa Mzaramo aliyekuja Shinyanga na kazi ya reli akaoa na kuzeeka hapa hapa. Kwa hiyo mimi nimezaliwa Shinyanga, nimekulia Shinyanga, na Kisukuma nakijua mpaka cha kugombana. Lakini kwa Wasukuma nabaki Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za babu zao. Mtani anaweza kukutukana sokoni, akakunyang'anya sahani ya ubwabwa mkononi, akakuambia umezaa watoto wenye sura ya fisi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe.

Makoye alikuwa mtani wangu na rafiki wa marehemu mume wangu, Muhidini, Mzaramo mwenzangu. Walifanya kazi pamoja mgodini Geita mpaka mgodi ulipofungwa mwaka sitini na sita, wakarudi pamoja, yeye kwao upande wa Kolandoto, mume wangu kwangu mjini. Muhidini alirudi na kondoo jike mmoja, mweupe mwenye kichwa cheusi, aliyemnunua huko kwa jasho lake la mwisho. Miaka miwili baadaye homa ikamchukua. Siku ya mazishi Makoye aliruka akalala ndani ya kaburi, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu Mzaramo hawezi kuzikwa bure katika ardhi ya Wasukuma. Watu wakacheka huku wanalia. Hata mimi nilicheka, na nilimpenda kwa kicheko kile. Nikampa jogoo.

Mjini nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga na binti yangu, Chiku. Kondoo akila mihogo ya jirani ni ugomvi, akiingia barabarani ni faini. Nikamkabidhi Makoye yule jike amfugie kwake, kama watu wa huku wanavyokabidhiana mifugo: kondoo ni wangu, mbolea ni yake, na kila mtoto wa tatu anayezaliwa anamchukua yeye. Hatukuandika popote. Nani anaandikiana na mtu aliyelala katika kaburi la mumewe?

Mimi nilikuwa nauza uji kwenye lango la kinu cha kukamulia mafuta ya pamba. Kinu kile kilikuwa kinatema vitu viwili. Mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ambayo wenye ng'ombe walikuwa wanayagombea, na makapi ya mbegu, yale maganda yenye manyoya manyoya, ambayo hakuna aliyeyataka. Yalirundikwa nyuma ya kinu na mengine yakachomwa. Siku moja nikaona mbuzi wa Zamoyoni, mlinzi wa kinu, wanaacha majani mabichi ya mvua wanakwenda kutafuna makapi yale makavu. Nikawaangalia kwa wiki kadhaa. Mbavu zao zilijaa wakawa na umbo, si tumbo la kuning'inia kama kibuyu. Nikajisemea, hapa kuna jambo.

Nikaanza kupeleka gunia la makapi kwa Makoye kila Jumatano na Jumamosi, kwenye keria ya baiskeli, na kuchanganya mwenyewe. Ilinichukua mwaka mzima kupata kipimo. Makapi peke yake yanajaza tumbo lakini hayajengi mwili. Mnyama anashiba hewa. Mashudu na pumba peke yake vinamnenepesha ovyo, anakuwa na mafuta mkiani na mgongo laini. Bakuli moja la makapi kwa mabakuli mawili ya pumba na mashudu, maji ya kutosha, na majani kidogo: hapo ndipo ubavu unapotanuka, kiuno kinashikana, mgongo unanyooka kama meza. Makoye alikaa kivulini akinitania kwamba Mzaramo ameanza kuwapikia kondoo pilau. Kupima hakuwahi kupima hata siku moja.

Mwaka sabini na mbili jike alikuwa na dume la miezi minane, zuri kupita kiasi. Nilikuwa nimepanga kulipeleka kwenye maonyesho ya Sabasaba. Nilitaka kitu kimoja tu, niwaambie wazi: nilitaka jina langu liandikwe kwenye lile daftari kubwa la mifugo na lisomwe kwenye kipaza sauti. Mwamvua, mwuza uji, mjane wa Muhidini. Kwamba kitu alichokiacha marehemu sikukila wala sikukiuza, nilikitunza kikawa cha kwanza mkoa mzima.

Asubuhi ya Sabasaba nikafika uwanjani na kanga yangu mpya. Nikakuta dume langu limeshapita mbele ya mwamuzi na utepe shingoni, na kipaza sauti kinasema mshindi wa kwanza wa kondoo ni Makoye wa Kolandoto, ambaye amegundua malisho ya makapi ya pamba. Amegundua! Makoye amevaa kofia, anapeana mikono na wakubwa, plau mpya ya zawadi imelala miguuni pake.

Nikaenda mbio. Nikamwambia bwana mifugo wa mwaka ule, "Shikamoo baba. Kondoo huyu ni wangu. Mtu huyu nilimpa anifugie."

Kabla yule baba hajafungua mdomo, Makoye akapasua kicheko. "Yaya, hapana! Msimsikilize huyu. Huyu Mzaramo, ni mtani wangu. Leo anadai kondoo, kesho atadai mke wangu. Wazaramo wanakulaga vya watu, hamwajui?"

Uwanja mzima ukacheka. Bwana mifugo naye akacheka, akafuta machozi kwa leso. Nikapiga kelele, wakazidi kucheka. Nikamtukana kweli kweli, matusi yatokayo tumboni, wakapiga makofi wakasema mwanamke huyu anajua utani! Jamani, hakuna uchungu unaozidi kusema kweli halafu watu wakakupongeza kwa kuchekesha.

Nikafuata wazee wa kijijini kwake. Makoye akawaambia ni utani, na watani huchukuliana vitu. Nikasema utani gani wa kondoo mzima na mama yake? Akasema yule jike Muhidini alimwachia. Shahidi yangu ni nani? Muhidini yuko chini ya udongo. Wazee wakaniambia, mama, usinune, utani haununiwi. Nikatoka pale. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa namwambia Makoye kimoyomoyo: umeficha wizi wako ndani ya utani, basi na mimi nitautoa humo humo.

Nikaacha kwenda kwake. Kondoo wangu wakabaki kule. Na dume lile alilichinja wakati wa Krismasi, nikaletewa habari kwamba nyama ilikuwa laini.

Lakini jike alikuwa ameshazaa tena, dume jingine, ndugu wa yule. Nilijua Makoye atataka kulipeleka Sabasaba inayofuata, maana sasa ni mtu mkubwa, mgunduzi, anaitwa kwenye mikutano kueleza utaalamu wake. Na nilijua pia kwamba kipimo hana. Nikasubiri. Kusubiri naweza.

Mwezi wa Aprili akaja langoni kwa kinu, saa ya uji, wafanyakazi wamejaa kwenye mabenchi. Klara aliyekuwa akinioshea vikombe alikuwapo, Zamoyoni alikuwapo na bakora yake ya ulinzi.

"Mwangaluka, Mzaramo," akanisalimu, anachekacheka. "Bado umeninunia?"

"Mtu hamnunii fisi," nikasema. "Fisi anafungiwa mlango tu."

Watu wakacheka. Akakaa, akanywa uji wangu bila kuulizwa, kisha akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi yale makapi ulikuwa unachanganya vipi?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikaweka upawa chini. Nikasimama katikati ya watu wote, mikono kiunoni, nikasema kwa sauti ya kejeli, "Sikieni, mgunduzi anauliza! Bakuli moja la makapi, mabakuli mawili ya pumba na mashudu, Msukuma mroho wewe! Wala usizidishe makapi. Ukizidisha atavimba tumbo, mgongo utabaki mfupa mtupu kama wa bibi yako!"

Walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Makoye akacheka kuliko wote, akanionyesha kidole. "Mnamwona? Anadhani mimi mtoto. Mzaramo akikwambia moja, jua ni tatu!"

"Basi weka tatu," nikasema, "mradi usiseme sikukwambia. Klara, umesikia? Zamoyoni, umesikia nilivyosema mwanzo?"

"Tumesikia, Mama Chiku," wakajibu, wanacheka nao.

Nilimpa kweli tupu, mbele ya mashahidi, kipimo kilekile kilichonichukua mwaka. Na nilijua hataiamini. Mtu aliyewahi kuifanya kweli yangu iwe mzaha hawezi tena kuijua ikimjia. Akaondoka na magunia manne ya makapi, mashudu hakununua hata debe.

Siku zile nilikuwa naimba nikikoroga uji. Chiku aliniuliza nimepata mchumba nini.

Mwezi wa Juni akaja mke wake, Paskazia. Hakuja langoni, alikuja nyumbani, saa ya alasiri, amejifunga mtandio kichwani kama mtu aendaye kliniki. Paskazia hajawahi kunikosea. Nilipokuwa naenda kwao kuchanganya malisho ndiye aliyenichotea maji. Akaketi kwenye mkeka, hakugusa chai.

"Mama Chiku," akasema, "yule dume ana tumbo kubwa. Kila apitaye anasifia tumbo. Lakini nikimshika mgongo nasikia mifupa, na akilala anachelewa kuinuka. Baba watoto hasikii, anasema tumbo ndilo afya, anazidi kumtilia makapi." Akanisogelea. "Mama Chiku, utani kando. Ni sawa hivyo?"

Sasa mniangalie vizuri. Kwa watani, mtu akishasema utani kando, mchezo umekwisha. Unajibiwa ukweli, hata na adui. Hakuna anayechezea neno lile, maana tukilichezea hatutakuwa na mahali pa kusemea mambo ya kweli, ya ugonjwa, ya moto, ya mtoto aliyepotea. Na mimi nililijua hilo kuliko yeye.

Nikaona ile kofia ya Makoye uwanjani. Nikasikia kile kicheko. Nikamwambia Paskazia, "Kwani Msukuma na tumbo kubwa wamegombana lini? Mtafutie mkanda tu."

Hakucheka. Akasema, "Haya, wabeja," yaani asante, akainuka akaenda zake. Nilikunywa chai yake.

Sabasaba ya mwaka sabini na tatu jua lilikuwa kali na uwanja umefurika. Mwamuzi wa mifugo alikuwa mgeni, kijana mwenye miwani aitwaye Selestine, aliyehamishiwa Shinyanga kutoka upande wa Geita. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakutazama wanyama kwa macho kama wenzake, aliwashika.

Makoye akamvuta dume wake kwenye duara. Jamani, lile tumbo! Pana kuliko mlango wa zizi. Watu wakapiga vigelegele. Machoni mwa mfugaji wa huku mnyama aliyejaa tumbo jioni ni fahari, na Makoye alikuwa amelijaza kwa miezi mitatu. Manyoya yameoshwa, utepe mwekundu ameshamvisha mwenyewe kabla ya hukumu.

Selestine akaweka kiganja mgongoni kwa mnyama. Akakiweka tena. Akaingiza vidole kwenye kiuno, akashika paja, akafunua jicho akaangalia weupe wake. Kisha akamwambia Makoye, "Weka mkono wako hapa. Unasikia nini?"

"Mgongo, bwana mkubwa."

"Unasikia mfupa. Mnyama huyu ana njaa."

Watu wakaguna. Makoye akacheka kidogo. "Njaa? Na tumbo hili?"

"Tumbo limejaa makapi. Anashiba na anakufa njaa." Selestine hakupandisha sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na kila neno likaruka uwanja mzima. "Niliambiwa mwaka jana hapa alipatikana mtaalamu wa makapi. Ndiye huyu?"

Kicheko kilichotoka siku ile sitakisahau mpaka naingia kaburini. Kilianzia kwa akina mama wa maandazi kikazunguka uwanja. Makoye alikuwa anageuza kofia mikononi. Nilisimama mstari wa mbele nikainywa ile aibu yake yote, sikubakiza tone. Nilisema kwa sauti, "Alhamdulillahi," na sioni haya kulisema tena.

Selestine akafungua lile daftari kubwa la mifugo. "Mnyama aliyenyimwa lishe huandikwa pamoja na mwenye mnyama, na mwenye mnyama huitwa ofisini. Jina lako kamili?"

Hapo Makoye akaniona. Akaninyooshea mkono wote. "Si wangu! Kondoo si wangu, bwana mkubwa! Wa huyu mama! Ndiye aliyenipa nimfugie, na makapi ni mambo yake, ndiye aliyeanza!"

Bwana mifugo wa mwaka jana, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, akainuka. "Makoye, si mwaka jana ulisema huyu anakutania?"

"Utani kando!" Makoye akapiga kelele, jasho linamtiririka. "Utani kando kabisa! Huyu dume wake, mama yake wake, na watoto wote watano walioko kwangu. Wa mwaka jana pia wake. Nilifugishwa tu!"

Nikamwachia maneno yake yawafikie wote. Kisha nikasema, "Mmesikia wote. Mimi simbishii." Nikawaita Klara na Zamoyoni, wakaeleza kipimo nilichokitaja langoni mwezi wa Aprili, neno kwa neno, na Zamoyoni akaongeza hadi lile la mgongo wa bibi yake Makoye. Hakuna aliyecheka. Bwana mifugo mzee akamwambia Makoye arudishe plau na hati kabla ya Ijumaa, na wazee wawili wa kijijini kwake, walewale walioniambia nisinune, wakaagizwa kunikabidhi jike na watoto wake. Makoye akapita katikati ya watu bila kofia. Aliidondosha, na hakuna aliyemwokotea.

Kwa Makoye sijuti. Nasema hivyo hata leo. Laiti ningeishia hapo.

Lakini Selestine alikuwa bado ameshika kalamu. "Mama, kwa hiyo mnyama ni wako."

"Wangu," nikasema, na nikajivuta juu kidogo, maana mwaka mzima nilikuwa nalingoja neno lile mahali pale.

"Basi ndilo jina linaloandikwa."

"Andika aliyemlisha, mwanangu. Mimi nilisema kipimo."

"Nimesikia. Ulisema langoni, watu wanacheka." Akamtazama yule dume. Alikuwa amepiga magoti ya mbele, tumbo limekaa chini upande kama mzigo, anapumua kwa mdomo. Nilikuwa sijamtazama tangu nifike. Nilikuwa namtazama Makoye. Dume alikuwa na doa jeupe juu ya pua, kama la mama yake alipoletwa na Muhidini akiwa bado mdogo. Nikachuchumaa nikamshika mgongo, vidole vyangu vikaingia kati ya mifupa.

Paskazia alikuwa amesimama ng'ambo ya kamba. Hakumfuata mumewe. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja saa tu, "Mimi nilimwendea nyumbani. Mwezi wa sita. Nikamwambia utani kando."

Wasukuma waliokuwa karibu walinigeukia wote kwa pamoja. Hata Klara alinigeukia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, isipokuwa yule kijana wa miwani, na mzee mmoja akamwinamia akamweleza sikioni.

Selestine akaniuliza, "Wakati ule ulijua mnyama anakufa?"

Ningeweza kusema sikujua. Ningeweza hata kusema nilikuwa namtania Paskazia, kazi ya watani ni hiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Dume akajaribu kuinuka, akashindwa, akaniegemeza kichwa chake cheusi gotini kwa sababu goti ndilo lililokuwa karibu. Alikuja kufa siku ya tatu nyumbani kwangu, na makapi aliyokuwa nayo tumboni yalijaa beseni mbili.

"Nilijua," nikasema.

Akainamia daftari. Akaandika kondoo dume, miezi minane, amenyimwa lishe. Kisha akanyanyua macho akaniomba nimtajie jina langu taratibu, lote, pamoja na la baba, ili asilikosee. Nikamtajia.